Amitriptilini: kidonge cha usiku kisichochezewa

Mama mmoja wa miaka 61, muuza mboga katika mtaa mmoja wa Eastlands hapa Nairobi, aliingia chumbani mwangu asubuhi moja akiwa amenuna. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu nimpe dawa ya miguu. Ana kisukari cha miaka mingi, na kwa muda wa mwaka mzima nyayo zake zilikuwa zikimwaka moto kila alipopanda kitandani, hata shuka ikimgusa anaruka. Nilikuwa nimemwandikia nusu tembe ya amitriptilini kila usiku. Alitoa ile karatasi ndogo inayokunjwa ndani ya pakiti, akaiweka mezani na kuniambia: "Daktari, kijana wangu wa chuo amenisomea haya. Kumbe wewe umeniona mimi mwendawazimu?"

Karatasi ilikuwa imeandikwa kwamba dawa hiyo ni ya ugonjwa wa huzuni, na kijana hakukosea kusoma. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu nilikuwa na foleni ndefu siku ile na sikumweleza mama jambo ambalo lingechukua dakika mbili. Alikuwa amekwisha kuacha dawa, na miguu ilikuwa inawaka kama zamani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwauliza wagonjwa wangu wanajua nini kuhusu kidonge hiki, na majibu ni ya kushangaza. Kwa mmoja ni dawa ya usingizi, kwa mwingine ni dawa ya wazimu, na kwa wa tatu ni dawa ya kichwa aliyopewa na shemeji yake ikiwa imefungwa katika kipande cha gazeti. Pengine nawe msomaji unayo nyumbani. Tafuta jina kwenye pakiti. Limeandikwa kwa Kiingereza, lakini ukilitamka polepole utasikia ni hili hili. Mara nyingi tembe ni ya miligramu 25.

Amitriptilini si dawa mpya. Mwaka 1957 daktari mmoja wa Uswisi aitwaye Roland Kuhn, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Münsterlingen, alitoa ripoti kuhusu dawa iliyoitwa imipramini. Ilikuwa imejaribiwa kwa wagonjwa wa skizofrenia na haikuwafaa, lakini Kuhn aliona kwamba wale waliokuwa wamezama katika huzuni walianza kuinua vichwa, kula na kuzungumza. Amitriptilini ni ndugu yake, na iliruhusiwa kuuzwa Marekani mwaka 1961. Jamii yao huitwa trisaikliki, kwa kuwa umbo la kemikali yake lina pete tatu zilizoungana. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, amitriptilini ilikuwamo, na imo hadi leo.

Kazi yake ni hii. Seli za ubongo na za mishipa ya fahamu hupashana habari kwa kemikali, na mbili kati ya hizo ni serotonini na noradrenalini. Seli ikishatoa kemikali hiyo huifyonza tena irudi ndani. Amitriptilini huzuia ufyonzaji huo, ili kemikali ikae muda mrefu zaidi mahali inapohitajika. Kemikali hizo hizo ndizo zinazosaidia uti wa mgongo kupunguza ishara za maumivu kabla hazijafika ubongoni. Ndiyo maana kidonge kimoja kinaweza kumfaa mtu aliyekata tamaa ya maisha na pia mtu mwenye nyayo zinazowaka moto, na wala mmoja si sawa na mwingine. Huwapa nafuu pia baadhi ya watu waliougua mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayoshika upande mmoja wa mwili, ambao ngozi imepona lakini maumivu yamebaki. Huzuia kipandauso kwa wanaokipata mara kwa mara. Hata watoto wanaokojoa kitandani wamewahi kutibiwa kwa dawa za jamii hii, ingawa siku hizi mimi sikubali kuanzia hapo, kwa sababu nitakazoeleza.

Sasa tuseme juu ya huzuni yenyewe. Sisemi huzuni ya kufiwa au ya kukosa karo, ambayo kila mmoja wetu anaijua. Nasema juu ya ile inayokaa majuma mawili, matatu, mwezi, ikamnyima mtu usingizi wa alfajiri, hamu ya chakula, nguvu za kazi na raha ya mambo aliyoyapenda, mpaka akajiona hana maana kwa watoto wake mwenyewe. Katika kliniki za mijini watu wachache huja wakasema wana huzuni. Huja na kichwa kinachogonga, moyo unaokwenda mbio, mgongo, tumbo, uchovu usioisha. Hupimwa malaria, hupimwa taifodi, hupewa dawa, hurudi baada ya majuma matatu, hupimwa taifodi tena. Nimeona daftari la mgonjwa mmoja lenye vipimo sita vya taifodi katika mwaka mmoja, na hakuna ukurasa ambapo aliulizwa analala vipi usiku.

Kabla ya kulala, si usiku

Kwa maumivu ya mishipa ya fahamu huanza na kiasi kidogo, miligramu 10 hadi 25 kwa siku, na wengi hawahitaji kupita 75. Kwa ugonjwa wa huzuni kiasi hupandishwa polepole, juma baada ya juma, mpaka 75, 100 au 150. Wazee hupewa kidogo zaidi. Tembe humezwa mara moja kwa siku, saa moja au mbili kabla ya kulala, kwa kuwa huleta usingizi. Nasisitiza kabla ya kulala. Bawabu mmoja aliandikiwa "tembe moja usiku", naye akaitii karatasi: akameza saa moja jioni, akaenda lindoni. Asubuhi tajiri wake alimkuta amelala kando ya lango na kazi karibu imponyoke. Usiku wa bawabu huanza saa tatu asubuhi.

Jambo linalowafanya watu wengi kuitupa dawa hii ni mpangilio wake wa kikatili: matata huja kwanza, nafuu huja baadaye. Usingizi waweza kutengenea katika siku chache, lakini moyo huanza kupata nafuu baada ya majuma mawili hadi manne, na wakati mwingine sita. Hali kadhalika maumivu: usiamue kwamba dawa imeshindwa kabla ya majuma sita au manane kwa kiasi kinachofaa. Wakati huo wa kungoja, mdomo hukauka mpaka ulimi unagandamana na kaakaa, choo hufunga, macho yanashindwa kusoma maandishi madogo, na mtu akisimama ghafla huona kizunguzungu. Wengine hunenepa, hutokwa na jasho, moyo hudunda haraka, na nguvu za ndoa hupungua. Hili la mwisho wanaume hawalisemi; huacha dawa kimyakimya.

Mengi ya hayo hupungua baada ya siku kadhaa. Kunywa maji kidogo kidogo, kula matunda na sukuma wiki kwa wingi, keti ukingoni mwa kitanda kwanza kabla ya kusimama. Piga mswaki bila kukosa, kwa maana mdomo mkavu huozesha meno. Usiendeshe matatu, pikipiki wala mashine mpaka ujue kidonge kinakufanyaje asubuhi ya pili yake. Lakini ukishindwa kabisa kukojoa, au jicho likauma ghafla na kuona ukungu, au ukazimia, au moyo ukaruka mapigo, hayo si ya kuvumilia. Nenda hospitalini siku hiyo hiyo.

Wapo wasiofaa kuimeza. Aliyepata mshtuko wa moyo karibuni, au mwenye hitilafu katika umeme wa moyo, hapaswi kupewa. Mwenye kifafa, mwenye presha ya macho, mzee mwenye tezi dume iliyovimba anayekojoa kwa shida, mwenye ugonjwa wa ini, hao daktari atafikiri mara mbili, na pengine atachagua dawa nyingine. Mtu ambaye katika historia yake kuna vipindi vya uchangamfu wa kupita kiasi, halali, anatumia pesa ovyo na kujiona anaweza yote, aseme hayo mapema, kwa sababu dawa hii peke yake inaweza kumrudisha huko. Wazee kwa jumla huanguka nayo usiku wakienda msalani, na mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri wa miaka 75 ni msiba mwingine. Mama mjamzito au anayenyonyesha asiikatishe wala kuianza kwa shauri la jirani. Amwone daktari wapime faida na hasara pamoja.

Vijana walio chini ya miaka 25 wanahitaji macho zaidi. Dawa zote za kutibu huzuni, za zamani na za kisasa, zimeonekana kuweza kuzidisha mawazo ya kujiua kwa baadhi yao katika majuma ya mwanzo, na tangu mwaka 2004 wakuu wa dawa nchini Marekani wameagiza onyo hilo lichapishwe kwenye pakiti. Maana yake si kwamba kijana asitibiwe. Maana yake ni kwamba arudi baada ya juma moja badala ya mwezi, na nyumbani awepo mtu anayemuuliza hali yake.

Dawa zisizopatana

Katika hili Wakenya tuna mambo yetu. Mtu anayemeza amitriptilini akishikwa na malaria hupewa AL, na lumefantrini iliyomo ndani yake huzuia kimeng'enya cha ini kinachovunja amitriptilini. Dawa huongezeka katika damu, na zote mbili zaweza kuvuruga umeme wa moyo. Usikatae matibabu ya malaria, kwani malaria huua. Mwambie tu anayekuhudumia kwamba unameza hii ya usiku, naye ataamua kama uipumzishe au uchunguzwe moyo. Tramadoli, ambayo vijana wa mitaani wameifanya starehe, ikikutana na amitriptilini yaweza kuleta degedege na msukosuko wa serotonini: joto, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Linezolidi, inayotolewa kwa kifua kikuu sugu, haipatani nayo. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya Ukimwi, hasa zenye ritonaviri, huiongeza katika damu, na fluoksetini pia. Piriton ya mafua huzidisha usingizi na ukavu wa mdomo. Pombe sina haja ya kueleza sana. Chupa moja inakuwa tatu, na anayevuka barabara kuu usiku akiwa hivyo huenda asifike ng'ambo.

Orodha ni ndefu kuliko nafasi ya ukurasa huu. Njia rahisi ni kubeba pakiti zako zote katika mfuko mmoja wa karatasi kila uendapo kliniki, hata kama unaona haya.

Kijana niliyempa tembe nyingi

Mwaka 2016 nilimtibu kijana wa miaka 27, fundi wa simu, aliyefiwa na mkewe wakati wa kujifungua. Alikuwa mnyonge, halali, hali. Niliona dalili zote, nikamwandikia amitriptilini, na kwa kuwa alikaa mbali na nauli ilikuwa shida, nikampa tembe za miezi mitatu kwa mara moja. Nilidhani ninamhurumia. Sikumuuliza kama amewahi kufikiria kufa. Niliogopa, kama waganga wengi wanavyoogopa, kwamba nikimuuliza nitamtia wazo hilo kichwani. Si kweli. Kumuuliza mtu hakumpandishi wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kupumua.

Siku ya kumi na moja alimeza dawa kupita kiasi. Dada yake alimkuta amesinzia, lakini anaitika. Jamaa walikaa wakishauriana kwa saa mbili hivi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba alionekana amelewa usingizi tu, na walidhani akilala utamtoka. Ya pili ni hofu ya polisi. Wakati huo kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ilifika miaka miwili gerezani. Walimpa maziwa, wakangoja.

Walipofika hospitalini alikuwa na degedege na moyo wake ulikuwa unapiga ovyo. Wauguzi na madaktari wa usiku huo walifanya kazi ambayo siwezi kuilipa: mashine ya kupima umeme wa moyo, sodiamu baikaboneti kwenye mshipa, mtungi wa oksijeni, macho bila kufumba mpaka asubuhi. Alipona. Leo ana duka lake, na ameniruhusu kusimulia haya mradi nisimtaje.

Nimesimulia ili ujue mambo manne. Dawa hii, ambayo kwa kipimo chake ni rafiki, ikizidi ni miongoni mwa hatari zaidi katika kabati la nyumbani, kwa kuwa hushambulia moyo, na hali yaweza kugeuka katika saa moja au mbili hata kama mgonjwa anazungumza. Maziwa si dawa ya sumu hii, wala usimtapishe kwa chumvi au kidole, maana akisinzia matapishi yataingia mapafuni. Chukua pakiti, chukua gari lolote, nenda hospitali iliyo karibu yenye chumba cha dharura. Tena sheria imebadilika: mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu kile cha 226 kinakiuka Katiba. Hofu ya polisi isimkawishe mtu nyumbani tena.

Tangu hapo, mgonjwa mpya wa huzuni kwangu hupata tembe za juma moja, naye hurudi. Nauli ikimshinda, tunatafuta mtu wa familia wa kushika pakiti na kumpa moja kila usiku. Wengine hunung'unika kwamba nawafanya watoto. Wanung'unike. Pale ninapoona hatari ni kubwa siandiki amitriptilini kabisa, kwa maana dawa za baadaye kama fluoksetini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987, si kali kiasi hicho kwa moyo zikizidishwa. Mbona basi hatuachi ile ya zamani? Kwa sababu ni rahisi kwa bei, na kwa maumivu ya mishipa ya fahamu bado inasaidia watu ambao panado na bruffen hazikuwafaa. Kwa hiyo amitriptilini bado ninaiandika, ila kwa uangalifu zaidi kuliko zamani. Vidonge peke yake pia havitoshi. Mazungumzo na mshauri aliyefunzwa husaidia, na wenye nafuu ya kutembea nawahimiza watembee.

Neno juu ya watoto. Tembe hizi nyingi zina rangi na ngozi laini kama peremende. Kwa mtoto wa miaka miwili hata chache zaweza kuua. Zifungie juu, ndani ya kitu chenye kufuli, wala si kwenye pochi ya mama inayoachwa kitandani. Ukiona mtoto amechezea pakiti na huna hakika kama amemeza, usingoje dalili. Hii ndiyo sababu kikojozi wa miaka saba ninamwanzishia kwa subira, ratiba ya maji na kumwamsha kwenda msalani, kabla ya kuleta dawa ya namna hii katika nyumba yenye wadogo zake.

Je, humfanya mtu mtumwa? Swali hili naulizwa kila juma. Hapana, haileti uchu kama wa pombe, wala hutahitaji kuongeza kila mwezi ili upate nafuu ile ile. Lakini mwili huizoea, na ukiikata ghafla baada ya miezi kadhaa utapata kichefuchefu, kichwa, hasira na kukesha, ukadhani ugonjwa umerudi. Hupunguzwa hatua kwa hatua kwa majuma manne au zaidi. Na usiharakishe kufika huko: kwa ugonjwa wa huzuni, Shirika la Afya Duniani linashauri mtu aendelee kwa miezi kadhaa baada ya dalili kwisha, ilhali wagonjwa wetu wengi huacha siku ya kwanza waliyocheka. Ukisahau tembe ya usiku mmoja, iache ipite, umeze ya usiku unaofuata kwa kiasi kile kile. Usimeze mbili, wala usiimeze asubuhi ukienda kazini.

Yule mama wa mboga tuliketi naye nusu saa. Nilimchorea mguu na uti wa mgongo nyuma ya karatasi ile ile iliyomkasirisha, nikamweleza kwa nini dawa ya huzuni hufika nyayoni. Alisikiliza, akauliza kama itapandisha sukari. Nikamjibu kwamba yaweza kuongeza hamu ya chakula na uzito, kwa hiyo tutapima sukari mara kwa mara, na nikampima moyo kwa mashine, jambo ambalo nalo nilipaswa kulifanya mwanzo. Aliporudi baada ya majuma matano alisema moto umepungua, bado upo lakini analala mpaka jogoo wa kwanza. Alilalamika mdomo ni mkavu sokoni na hawezi kuita wateja. Tukakubaliana aimeze mapema kidogo, saa mbili usiku, na awe na chupa ya maji chini ya meza ya nyanya. Kijana wake wa chuo alikuwa amekuja naye, ameleta orodha ya maswali kumi na moja, na tulifika la tisa kabla mgonjwa aliyefuata hajaanza kugonga mlango.